Bibi Harusi Aliyenawishwa Uso

Kichwa cha kwanza alichokipamba Sadiya hakikuwa na mwili. Kilikuwa cha plastiki, chenye ngozi ya rangi ya chapati isiyoiva, na kilikaa juu ya meza katika chumba cha Madamu Viktoria, ghorofani, nyuma ya maduka ya nguo mjini Arua. Wanafunzi walikipokezana. Kilipakwa wanja asubuhi, kikafutwa, kikapakwa tena mchana, na hakikulalamika hata siku moja. Baadaye, alipoanza kupata wateja wenye uhai, Sadiya alikikumbuka kichwa kile kwa huzuni ya kweli.

Alitoka Koboko, kwenye mtaa wa Wanubi, ambako mababu waliletwa wakiwa askari wa watu wengine na wajukuu wakabaki kuuza hiki na kile. Baba yake alikwisha kufariki. Mama yake, Hawa, alisuka mikeka na vifuniko vya sinia vyenye rangi za kupendeza, kazi ambayo wageni huisifu sana na kuondoka mikono mitupu. Sadiya alijaribu kusuka akashindwa. Vidole vilikuwa vyepesi ila havikuwa na subira. Basi mjomba wake wa Ludara, mtu mwenye shamba la muhogo na maoni juu ya kila jambo, akatoa uamuzi. Msichana akajifunze hiyo kazi ya kupaka watu rangi. Ikishika, heri. Isiposhika kufikia mavuno, atakuja Ludara kukaa kwenye kibanda cha kuuza muhogo sokoni. Hakuna aliyemtisha. Walimwambia tu kwamba Ludara kuna hewa nzuri.

Madamu Viktoria alikuwa amesomea Kampala kwa majuma machache, akarudi akizungumza kama mtu aliyezaliwa huko na kupotelea Arua kwa bahati mbaya. Alikuwa na sheria moja, na aliirudia kama imamu na mwadhini wake kwa pamoja: ngozi iwe kavu kama karatasi. Mafuta ni adui. Osha kwa sabuni, pitisha pamba yenye spiriti, ndipo upake ile krimu ya kwanza inayosawazisha uso, ambayo yeye aliiita faundesheni kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mkwe wake tajiri.

Krimu hizo zilikaa kwenye boksi kwa mpangilio, kutoka nyeupe hadi nyeusi, na mpangilio huo uliisha kabla haujamfikia Kiden. Kiden alikuwa mwanafunzi mwenzake Sadiya, msichana mrefu kutoka Sudan Kusini, mweusi wa kung'aa. Krimu ya mwisho kwenye boksi iliitwa Chokoleti. Chokoleti ilimfanya Kiden aonekane kama mtu aliyeangukia gunia la unga.

"Wewe Kiden utakuwa unapaka wengine," Madamu alisema. "Si lazima na wewe upakwe."

"Madamu, watu ya kwetu yote iko na sura hii. Nitapaka nani? Wewe?"

Darasa likacheka. Madamu akajifanya anatafuta brashi.

Kiden na Sadiya wakawa wanabaki nyuma wengine wakienda kula. Walisaga unga wa rangi nyeusi ya kope, wakauchanganya na Chokoleti nyuma ya kiganja, wakaongeza tone la wekundu, wakafuta, wakaanza upya. Siku moja Kiden alijitazama kwenye kioo akanyamaza, na Kiden hakuwa mtu wa kunyamaza. Halafu akasema, "Kumbe niko mzuri. Na mama alikuwa anasema hivyo, nikafikiri ananidanganya." Kuchanganya rangi mpaka ifanane na ngozi ndicho kitu pekee Sadiya alichojifunza kwenye chumba kile bila kufundishwa.

Alipopata cheti alirudi Koboko kuwa mpambaji wa kujitegemea. Kujitegemea, aligundua upesi, maana yake ni kwamba hakuna wa kukufukuza kazi, kwa kuwa hakuna aliyekuajiri. Alisambaza picha za kazi yake kwa simu, majirani wakaja kwa wingi, kila mmoja na maneno yale yale: "Nipake bure, mimi nitakutangaza." Walitangaza kweli. Walitangaza kwamba Sadiya anapaka bure.

Kisha ikaja Idi, naye akampamba shangazi yake, mwanamke aliyeamka mapema akajipaka mafuta ya karkar, yale mazito ya manukato, usoni, kama alivyofanya kila Idi ya maisha yake. Sadiya akaona haya kumwambia akanawe. Akapaka juu ya mafuta. Ilipofika saa ya kula, uso wa shangazi ulikuwa umehama.

"Shangazi, sura yako imekwenda wapi?" akauliza mmoja wa wake za jirani.

"Si hii hapa? Iko kwa shingo!" akajibu mwingine, na pilau ikawatoka puani.

Tangu siku hiyo Sadiya hakuogopa kitu duniani kama mafuta. Mavuno yalikuwa yanakaribia. Mjomba alipiga simu kuulizia afya yake, akataja, kama kwa bahati tu, kwamba kibanda kimewekewa bati jipya.

Ndipo akaitwa kumpamba Kadijah.

Huyu Kadijah walisoma pamoja, na sasa alikuwa anaolewa na kijana wa ukoo mzuri. Kila mwanamke wa mtaa angekuwapo, na kila mwenye binti angekuwa anatazama. Hivyo ndivyo mpambaji anavyozaliwa Koboko: harusi moja ya Kinubi ikienda vizuri, jina lako linatembea lenyewe, wewe unafuata nyuma na boksi. Sadiya alijua hivyo. Mama yake alijua. Hata mjomba alijua, akanyamaza siku kadhaa.

Tatizo lilikuwa habuba, yaani nyanya yake Kadijah, mwanamke mzee ambaye macho yake yalikwisha kufunga duka zamani. Kwa majuma mengi alikuwa amemfungia mjukuu wake ndani. Kila jioni Kadijah alikalishwa juu ya shimo dogo lenye vijiti vya mgunga vinavyofuka moshi, amefunikwa blanketi hadi shingoni, jasho likimtoka, kisha akasuguliwa kwa mafuta ya manukato kuanzia paji la uso hadi kwenye nyayo. Ngozi ilikuwa imeshika rangi ya asali iliyoiva, na harufu ilimtangulia mlangoni. Habuba hakuwa na neno kuhusu poda wala wanja. Vijana wana mambo yao. Alikuwa na sharti moja tu, nalo alimwambia Sadiya kwa mdomo wake: maji yasimguse bibi harusi mpaka afike kwa mumewe.

"Ndiyo, habuba," alisema Sadiya.

Asubuhi ya harusi alijifungia chumbani na Kadijah, akagusa shavu lake kwa kidole. Kidole kikateleza hadi kidevuni bila kusukumwa.

Alikaa kitandani. Upande mmoja alimwona shangazi yake na uso wake shingoni, safari hii mbele ya mtaa mzima, juu ya gauni jeupe. Upande mwingine alimsikia habuba nje akiwaamuru watu kuhusu masufuria.

"Kadijah, hii haitashika. Lazima nikunawishe."

"Basi nawisha."

"Na habuba?"

"Habuba haoni," alisema Kadijah. "Sadiya, mimi nimekaa kwa moshi kama nyama ya kukausha. Nipe picha moja ya maana. Fanya vile ulisomea."

Akamnawisha. Kwanza kwa sabuni, kisha kwa pamba na spiriti, uso, shingo, na mabega yote mpaka gauni lilipoanzia. Pamba ilitoka ya kahawia. Akachukua nyingine, nayo ikatoka ya kahawia. Kazi yote ya mwanamke mzee ilikuwa kwenye vile vipande vya pamba, naye akavisukuma kwa mguu chini ya kitanda.

Halafu akafanya kazi. Alichanganya rangi nyuma ya kiganja kama na Kiden, mpaka haikujulikana krimu imeishia wapi na ngozi imeanzia wapi. Alichora nyusi mara moja tu bila kufuta. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja akatazama. Uso ule ulikuwa mzuri kuliko kitu chochote mikono yake ilichowahi kufanya, na pengine kuliko ambacho ingewahi kufanya tena. Akapiga picha, moja. Nje, mbali, ngoma za upande wa bwana harusi zilianza kusikika.

Mlango ukafunguliwa, wazee wa kike wakaingia.

Jambo lililofuata Sadiya alikuwa amelishuhudia tangu utotoni, kwenye kila harusi, akiwa amekaa mkekani miongoni mwa watoto. Hakuna aliyehitaji kumfundisha. Wazee wa kike hawaji kumtazama bibi harusi. Wanakuja mmoja mmoja, wanainama, wanaweka pua kwenye shavu lake, kwenye shingo, nyuma ya sikio, wanavuta pumzi, na ndipo wanapiga vigelegele. Miezi yote ile kwenye chumba cha Madamu Viktoria alikuwa amejifunza kwamba uso ni kitu cha macho, na alijifunza vizuri mno. Alikumbuka pua wakati habuba amekwisha kuinama.

Habuba alivuta pumzi. Akavuta tena, upande wa pili.

"Hii mutoto iko na harufu ya hospitali."

Hakuna aliyepiga kigelegele.

"Nani aliosha yeye?"

Kadijah alianza kulia, taratibu, akijitahidi machozi yasiguse wanja. Sadiya akapiga magoti. "Ni mimi, habuba. Rangi ilikuwa haikai. Nisamehe. Nilitaka apendeze."

"Wewe iko mutoto ya nani?"

"Wa Hawa. Msuka mikeka."

"Hawa namujua," alisema habuba, bila kupaza sauti. Na hilo ndilo lililokuwa baya. "Kama iko mutu wa mbali, tungesema hajui. Wewe unajua."

Wakamtoa. Hawakumsukuma, walimpisha njia tu, kila mmoja akivuta nguo yake pembeni. Alikaa uani kando ya masufuria akaona vijiti vya mgunga vikipita, na mkaa wenye moto, na chupa ya mafuta. Kule ndani walikuwa wanafuta kila kitu: nyusi, mashavu, ile rangi ambayo haikujulikana imeanzia wapi. Upande wa bwana harusi walisimamishwa langoni wakaambiwa bibi harusi bado anavaa. Wapiga ngoma walichoka, wakapumzika, wakaanza tena. Kadijah alipotoka hatimaye, alikuwa na uso mtupu unaong'aa mafuta, macho mekundu ya moshi na machozi, na vigelegele vilivyopigwa vilisikika hadi sokoni. Sadiya, ambaye alikuwa na jicho la kazi hata katika msiba wake, aliona kwamba amependeza. Hilo lilimuumiza zaidi.

Jina lake lilitembea lenyewe, kama alivyotarajia. Lilikuwa Sadiya wa Spiriti. Harusi iliyofuata walimwita msichana kutoka Arua, Mkristo, asiyejua lolote la Kinubi, ambaye kwa kuwa hakujua aliuliza kila kitu, akapaka macho na midomo tu, akasifiwa kwa adabu. Sadiya alimpigia Madamu Viktoria kuomba hata kazi ya kufagia. Madamu alisema kwamba soko limejaa, na akauliza kama ngozi ilikuwa kavu.

"Ilikuwa kavu, Madamu."

"Basi hukukosea."

Hawa hakumlaumu. Alisuka tu, na wateja waliokuja kwa ajili ya vifuniko vya sinia walikaa muda mfupi kuliko zamani.

Muhogo ulivunwa. Siku ambayo mjomba alituma pikipiki ya boda kumchukua, simu ililia. Alikuwa Kadijah, akinong'ona.

"Ile picha unayo?"

"Ninayo."

"Nitumie. Halafu yako ufute. Mume wangu akisikia iko kwa simu ya mtu, nitakufa."

"Kadijah, ni kazi yangu. Sina nyingine nzuri hivi ya kuonyesha watu."

"Sadiya. Nakuomba, dada."

Akaituma. Kisha akaitazama: zile nyusi, ile shingo, pale ambapo rangi na ngozi havikuweza kutenganishwa hata kwa kuvuta picha karibu. Akabonyeza kufuta. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Ilikuwa zamani sana tangu mtu yeyote amuulize jambo kwa adabu namna hiyo. Akabonyeza ndiyo.

Uani, mwenye boda alikuwa analifunga boksi la vipodozi nyuma ya kiti kwa mpira.

"Dada, ndani iko na vitu ya kuvunjika?"

"Hakuna," alisema Sadiya. "Kaza."