Kikombe cha Mama wa Kiti cha Nne

Baba mkwe wangu, Venansi, alizaliwa Makebuko, mkoa wa Gitega, hapa Burundi. Akiwa na miaka kumi na minane alishuka kwa miguu hadi Usumbura, Bujumbura ya leo, akapata kazi uwanjani ya kuosha vyombo vya chakula vya ndege. Ilikuwa miaka kumi baada ya vita vikuu vya pili vya Wazungu, na abiria walikula kwenye sahani za udongo kama hotelini. Kitu kikipata ufa au kuchakaa, mwoshaji aliruhusiwa kwenda nacho nyumbani. Alipokufa mwaka jana hapa Gasorwe, alikuwa bado na vijiko viwili vyenye alama ya bawa, sinia la bati, blanketi la buluu lililobaki nyuzi, na kikombe kimoja cheupe.

Kikombe hakupewa. Siku moja alikuwa akikusanya vyombo ndani ya ndege, na mama mmoja wa kiti cha nne akamwonyesha koo lake. Alitaka maji. Venansi akachukua kikombe, akashuka kuchota. Aliporudi mlango ulikuwa umefungwa na ndege inaondoka. Aliuona uso wa yule mama dirishani, ukimtazama. Hakumwona tena.

Tangu siku ile, kila asubuhi alikijaza maji na kukiweka dirishani. Alifanya hivyo hata alipokuwa mkimbizi kambini Tanzania, ambako maji yalikuwa ya foleni. Jioni kikombe kilikuwa kikavu. Sisi tulisema ni jua, au kuku.

Kwetu, siku ya kuganduka, yaani kumaliza matanga, mtu husimama mbele ya ukoo na kutaja kila alichoacha marehemu na kila alichoahidi. Kila kitu hupata wa kukishika. Mke wangu Klara alitaja jembe, baiskeli, vijiko, sinia na blanketi. Kikombe alikuwa amekificha chini ya kitanda. Aliogopa watu wa kanisani wangecheka.

Kesho yake alikijaza, kwa mazoea tu. Jioni maji yalikuwa vilevile. Wiki nzima ya Julai, kwa jua la kupasua udongo, hayakupungua hata upana wa kidole. Aliyeanza kupungua ni Klara. Alikunywa mtungi mzima na midomo ikabaki imekauka. Halafu akaanza kunionyesha koo lake badala ya kusema.

Alipofanya hivyo mara ya tatu, nilimpeleka Makebuko, pamoja na kikombe, kwa shangazi yake Ursula, dada mdogo wa marehemu, ambaye uzee ulimzuia kuja kuganduka. Ursula alikitazama kikombe bila kukigusa.

"We Klara, ulikitaja hiki siku ya kuganduka?"

"Hapana, shangazi."

"Basi baba yako hajamaliza. Matanga iko wazi bado."

Akaita ndugu na majirani. Klara akasimama, akasimulia yote kwa sauti iliyokauka: kiti cha nne, mlango, uso dirishani. Hakuna aliyecheka.

"Nani anamshikia Venansi kazi hii?" Ursula aliuliza.

Watu wakainamia pombe yao. Mimi nilikuwa sijawahi kusema neno mbele ya ukoo. Nikajikuta nikisema, "Mimi."

"Kumbe mkwe ana sauti," alisema Ursula. "Miaka ishirini nilidhani Klara ameolewa na nguzo."

Wakacheka, na Klara naye akacheka. Akaomba maji, akanywa nusu bilauri, nyingine akaiacha.

Sasa nakijaza mimi. Nimeweka wavu dirishani ili kuku wasifike, na upande ule jua halipigi. Jioni nakikuta kikavu, isipokuwa mahali pamoja ukingoni ambapo pana unyevu, upana wa midomo.