Kiungo Kilichofungwa Kikavu

Saa mbili asubuhi. Gari dogo limeinuliwa kwa jeki, gurudumu la mbele limelazwa kando, na mwenye gari ameshaangalia saa mara tatu. Fundi hana habari naye. Amekaa juu ya debe, kiungo kipya cha usukani mkononi, anakizungusha kwa vidole polepole.

"Kikavu," anasema. "Vinakuja hivi hivi kutoka dukani. Nje vinang'aa, ndani hamna kitu."

Anachukua pampu ya grisi, anaibana kwenye kitundu cha kiungo, anasukuma. Anazungusha, anasukuma tena, mpaka grisi inachungulia kwenye ukingo wa mpira. Anafuta. Ndipo anapoingia chini ya gari.

Gerejini wanamwita Baba Grisi. Fundi wa breki, mtu ambaye ulimi wake haujui kupumzika, ananinong'oneza kwa sauti ya kusikika na wote: "Huyu hata akinunua kijiko cha chai, atakitia grisi kwanza." Watu wanacheka. Mwenyewe hacheki. Ameifanya kazi hii miaka kumi na tisa, na kwa minne ya mwisho sikupata mtu aliyewahi kumwona akicheka.

Nilikuja kuandika habari nyepesi ya gazeti, ya fundi mwenye mikono ya uangalifu. Wakati wa chai akanivuta nyuma ya banda la mabati, akaketi juu ya tairi kuukuu, akaniharibia habari yangu.

Miaka minne iliyopita shemeji yake, kaka wa mkewe, alileta lori lake dogo la mchanga. Kiungo cha usukani kilikuwa kimekwisha. Siku hiyo pampu ya grisi ilikuwa imeazimwa na gereji ya jirani, na shemeji alikuwa anasubiriwa na mzigo.

"Akaniambia, 'Shemeji, funga tu, bwana.' Nikafunga kikavu. Nikamwambia apite kesho nikitie grisi. Hakupita, na mimi sikumfuata. Nyumba zetu zilikuwa zinatazamana, ndugu yangu. Nilikuwa namwona kila siku. Nikasema kesho, kesho, mpaka nikasahau."

Baada ya miezi mitatu kiungo kilichomoka kwenye mteremko, lori likabiringika. Shemeji alivunjika uti wa mgongo. Hajasimama tena tangu siku hiyo.

Sasa anaishi nyumbani kwa fundi, chumba cha kwanza ukiingia. Fundi ndiye anayembeba asubuhi kumpeleka bafuni, ndiye anayemgeuza kitandani. Mkewe humsifu mbele za watu kwamba amepata mume.

"Wanasema barabara ilikuwa mbovu, na mimi naitikia," anasema. "Kila nikimbeba ananiambia, 'Shemeji, Mungu akulipe.' Unajua neno hilo linavyonikata? Nimefungua mdomo mara ngapi, sauti haitoki. Nimechoka. Siku nyingine natamani ningekuwa mimi ndani ya lile lori."

Anajifuta macho kwa kiwiko, maana viganja vimejaa grisi. 

Nilipomuuliza anatarajia nini, alifuta kwanza viganja kwenye suruali.

"Mke wangu hununua gazeti lenu kila Jumamosi," akasema. "Humsomea kaka yake mwanzo mpaka mwisho, hata matangazo ya vifo."

Nikamwambia naweza kuyaacha haya, nikaandika ya kazi tu. Akatikisa kichwa.

"Andika yote. Ila hilo la pampu kuazimwa usilivutevute, lisije likaonekana kisingizio." Kisha akauliza gazeti hufika mtaani saa ngapi. Nikamjibu, saa moja asubuhi.

Akahesabu kwa vidole.

"Basi siku hiyo nitaamka saa kumi na moja," akasema. "Nimwogeshe mapema, nimvalishe shati safi. Sijui kama ataniruhusu tena."