Aliyelogi ni Mimi

Nianze na upumbavu wenyewe, maana hata nikiuficha nusu ya Mbinga wanaujua. Kanda tatu za harusi nilizipa jina moja. Zote niliziita Harusi. Usicheke kwanza. Kompyuta iliniuliza jina la kanda, nami niliona ni swali la watoto wa chekechea. Kanda ya nini hii? Ya harusi. Basi, Harusi. Na hii? Harusi. Ya tatu je? Ulitaka niiite Msiba?

Ilikuwa likizo ya Juni, naingia nusu ya pili ya kidato cha tatu. Wenzangu walikuwa mashambani wanachuma kahawa, vidole vinanata. Mimi nilijipachika kwenye studio ya video karibu na stendi. Studio ni neno la kujikweza: kilikuwa chumba kimoja chenye pazia la bluu na kompyuta ya mtumba iliyonguruma kama mashine ya kukoboa mahindi. Mwenye studio tulimwita Fundi. Tangu serikali iruhusu wanunuzi binafsi wapande milimani na malori yao kununua kahawa, hakuna mtu aliyekubali tena kuoa bila kupigwa video. Mtu asiye na kitanda alitaka video. Fundi alikuwa hashikiki.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kamera ilirekodi kwenye vikanda vidogo, vya kuenea kiganjani. Picha zikiwa kwenye kanda huwezi kuzikata wala kuzipanga mpaka uziingize kwenye kompyuta. Sasa huwezi kuingiza kila kitu, kompyuta ile ingepasuka tumbo. Kwa hiyo unaangalia kanda kwanza, unaiambia programu: kipande cha pete kinaanzia dakika hii ya kanda, kinaishia ile, jina lake Pete, kimo kwenye kanda fulani. Huko Fundi alikuita kulogi. Ukimaliza kulogi unabonyeza kitufe, na kompyuta yenyewe inaiamuru kamera irudi nyuma, isonge, isimame, huku ikichota vipande kimoja kimoja. Huko ni kukapcha. Unaweza hata kutoka ukaenda mpirani. Hapo ndipo paliponimaliza.

Siku ya kwanza nilirudi nyumbani kifua mbele. Mama alikuwa anachambua usipa, dagaa wa ziwani, wa kuuza sokoni.

"Mama, leo nimelogi siku nzima."

Mkono ukasimama juu ya ungo. "Umemloga nani?"

"Nimelogi, mama. Kanda."

"Kanda imekukosea nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nisiseme neno hilo mbele za watu, hasa mimi ambaye mama yake ametoka ziwani. Ni kweli. Huku juu milimani wakikutania watakwambia watu wa ziwani wana dawa za kila kitu, hata za kumwita samaki kwa jina. Sisi tunawajibu kwamba wao wamezaliwa kwenye mashimo ya ngoro, yale wanayolimia milimani, na watazikwa humo humo kwa kubana matumizi. Utani tu. Lakini utani una siku yake ya kugeuka, nami ndiye niliyeugeuza.

Harusi ile ilikuwa ya mpwa wake mama, mtoto wa kaka yake aliyeko Mbaha kule ziwani, na binti wa mzee mmoja wa huku juu mwenye kahawa mpaka upeo wa macho. Mama ndiye shangazi wa bwana harusi. Siku ya sherehe yeye na wenzake kutoka ziwani waliingia uwanjani na kihoda, ngoma ya akina mama, na mama ndiye aliyeongoza. Sijui nielezeje. Huyu mwanamke ninayemwona kila siku ameinamia ungo, siku ile alinyooka. Mabega yalikwenda kwao, kiuno kikaenda kwake, na uso ukabaki umetulia kana kwamba hauhusiki. Fundi akairekodi ngoma yote. Kanda ya kwanza ilikuwa kanisani, ya tatu keki na zawadi, na ya pili, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kihoda.

Baada ya wiki mzee wa kahawa akapita studio kutoa maagizo.

"Ile ya pili achaneni nayo," alimwambia Fundi. "Nataka kanisa, keki na zawadi. Ngoma za wavuvi sitaki. Ile video wataiona watu wa maana."

"Sawa, mzee," akasema Fundi.

Mimi nilikuwa pale pale, mwana wa mvuvi mkubwa kabisa aliyekuwemo kwenye kanda hiyo. Nikaendelea kupanga kanda. Lakini Fundi alipokwenda Litumbandyosi kupiga kipaimara, akaniachia studio na kamera ya zamani iliyokufa jicho ila bado inachezesha kanda, nikaona sasa mkubwa ni mimi. Nikalogi ya kwanza: Pete, Baraka, Padri Anakohoa. Nikalogi ya tatu: Keki, Zawadi, Mjomba na Paja la Tatu la Kuku. Kisha, kwa sababu nilikatazwa, nikalogi na ya pili. Jina la kipande: Mama. Nikabonyeza kitufe cha kukapcha.

Kompyuta ikaniambia: weka kanda Harusi. Nikachungulia kwenye kamera. Kanda Harusi imo. Nikakubali, nikaenda mpirani.

Niliporudi vipande vyote vilikuwa vimeingia. Vilionekana kama vibao vyenye majina, na mimi nilivipanga kwa majina: Pete hapa, Baraka pale. Nikaweka na maandishi ya kumeremeta. Kuangalia je? Umeme ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, na vijana wa mzee walikwishagonga mlango mara kadhaa wakitaka mkanda wao. Nikairekodi kazi yangu kwenye mkanda mkubwa wa VHS, nikawapa.

Jumapili baada ya misa ndugu wa pande zote walijaa sebuleni kwa mzee. Maharusi walikaa kwenye kochi lenye vitambaa. Mama alikaa kwenye mkeka na akina mama wenzake, mimi nikasimama mlangoni kama msanii anayesubiri makofi.

Maandishi yakatokea: WANAVISHANA PETE. Akatokea mama, mabega yakitikisika.

Watu wakacheka kidogo. Wakasema itakuwa ni utangulizi.

BARAKA YA NDOA. Mama, kwa nyuma, anashuka mpaka chini.

PADRI ANAKOHOA. Mama tena, na akina mama wenzake wakimzunguka.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kanda zote zilikuwa na jina moja, kwa hiyo kompyuta haikuwa na sababu ya kuomba kanda nyingine. Ilikuta Harusi ndani ya kamera, ikachota dakika zote nilizoiambia kutoka humo humo. Na iliyokuwa humo ni ile ya pili, niliyoilogi mwisho. Harusi nzima haikuwa na bwana wala bibi. Ilipofika KEKI, mzee akasimama.

"Zima!"

Ikazimwa.

"Nilisema ngoma hii isiwemo," akasema mzee, pole pole. "Sasa imo peke yake. Mwanangu hayumo. Padri hayumo. Kanda hii imelogwa."

Hakutaja mtu. Hakuhitaji. Macho ya sebule nzima yalishuka kwenye mkeka, na akina mama waliokaa karibu na mama wakajisogeza kidogo, kama wanaopisha joto la jiko.

"Jumamosi binti yangu alikuwa apelekwe Mbaha kwa wakwe zake, na shangazi ndiye wa kumsindikiza," mzee akaendelea. "Simtoi mtoto wangu kwenye mikono hiyo."

Mama alikuwa anaitazama televisheni iliyozimwa. Nimeshamwona akigombana na wachuuzi, na madereva, na mwalimu wangu wa nidhamu, kwa hiyo ukimya ule ulinitisha kuliko maneno ya mzee. Kumpeleka mkwe nyumbani kwao ziwani ndicho alichokuwa akikizungumza mwezi mzima. Alikwishanunua kitenge. Na hata asipokwenda, jina la mchawi likishabandikwa sokoni, nani angenunua usipa wake?

Nikapaza sauti. "Shikamoo, mzee. Aliyelogi ni mimi."

Sebule ikalipuka. Bibi mmoja akajifunika khanga usoni. Mwingine akauliza kwa sauti, "Na mdogo hivi?" Bwana harusi, ambaye ni binamu yangu, akashika kichwa.

"Nimelogi, sijaloga!" nikapiga kelele. "Kulogi! Ni kazi ya kompyuta!"

"Anakiri mara mbili," akasema yule bibi ndani ya khanga.

"Nifuateni studio kesho niwaonyeshe. Na kama nadanganya, niiteni mchawi mimi. Mama yangu muacheni."

Mzee akanitazama kama mtu anayekagua gunia la kahawa lenye mawe. "Kesho," akasema.

Na kweli alikuja. Fundi alikwisharudi, alikwishasikia, na alikwishanivuta sikio. Nikamketisha mzee mbele ya skrini. Nikaweka kanda ya kwanza, nikaipeleka dakika ya kumi: binti yake anavishwa pete. Nikaitoa, nikaweka ya pili, dakika ile ile ya kumi: mama. Ya tatu, dakika ile ile: mjomba na kuku.

"Kila kanda inaanza kuhesabu moja, mzee. Ni kama ukisimama barabarani ukaita, mtoto wa kwanza, njoo! Kila nyumba ina wake. Bila kutaja nyumba, anakuja aliye karibu. Mimi sikutaja nyumba."

Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akataka abonyeze mwenyewe, akabonyeza, akamwona mwanaye. Kidevu kikalegea.

"Kwa hiyo ni ujinga tu," akasema.

"Ujinga mtupu, mzee. Na wangu peke yangu."

"Basi mwambie shangazi Jumamosi iko pale pale." Akainuka. "Na hiyo ngoma uitoe."

Sasa mtu mwenye akili angesema ndiyo. Fundi alinikanyaga mguu nijibu ndiyo.

"Sitoi," nikasema.

"Nini?"

"Pete nitaiweka mahali pa pete, mzee, na padri atakohoa panapomhusu. Lakini jana mama yangu ameitwa mchawi mbele za watu kwa sababu ya ngoma hii. Nikiitoa, watasema dawa imetolewa. Harusi ilikuwa na pande mbili. Upande wetu hatukuja kula tu, tulicheza."

"Dogo, mteja ni mteja," akanong'ona Fundi.

"Hata bwana harusi ni mteja," nikamjibu, na sikunong'ona.

Mzee alisimama mlangoni, fimbo inagongagonga sakafu. Nilidhani ananitafutia tusi la saizi yangu. "Iweke mwisho kabisa," akasema hatimaye. "Wageni wangu wakishaaga. Na uifupishe. Yule mama anajitikisa mno."

Fundi aliniondoa kwenye kompyuta na kunipa ufagio mpaka shule zilipofunguliwa, lakini kazi ile moja aliniachia niimalize, akiwa amesimama nyuma yangu. Nikaandika Harusi Kanisani, Harusi Ngoma, Harusi Keki. Nikaiweka kihoda mwisho kama nilivyoambiwa. Kuifupisha sikuifupisha. Niliichota yote, mpaka pale kanda inapoishia na kubaki weusi mtupu, na Fundi akajifanya anatazama pazia.

Jioni nilimkuta mama anapasi kitenge cha Jumamosi kwa pasi ya mkaa. Nikamwambia safari ipo. Nikamwambia ngoma imebaki. Halafu, kwa kuwa mdomo wangu haujawahi kunipenda, nikamwambia na lile la kujitikisa mno. Akaiweka pasi juu ya bati, akanitazama na uso ule ule wa kwenye kanda, uliotulia kana kwamba hauhusiki.

"Akirudi tena," akasema, "mwambie pale nilikuwa hata sijaanza kucheza."