Mteja Wangu Bora wa Waifai

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha. Nilisimika mnara wa waifai sokoni Bwera, nikawa nauza vocha za saa moja moja. Wateja walikuwa wa kuhesabu, ila Mama Kavira, muuza samaki wa chumvi kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, kila mwezi alinunua kifurushi kikubwa kisicho na kikomo. Mimi na cheti changu cha kompyuta nikadhani ana watoto Ulaya. Nikampa hata kiti.

Siku alipokuja Mzee Baluku, tajiri wa kahawa niliyetaka agharamie mnara wa pili kule Kyarumba, nilimpeleka moja kwa moja kwa huyo mama. Waendesha bodaboda kama ishirini walikuwa pale, wameinamia simu.

"Unaona, mzee? Wote hao wako kwangu!"

Mzee akatoa simu, akaniuliza bei ya saa moja. Nikamtajia kwa madaha.

"Usilipe, patron," Mama Kavira akadakia, akasogeza ndoo ya samaki. Nyuma yake kisanduku cha waifai kilikuwa kinamemetesha taa. "Kwake iko bei kali. Hawa bote beko kwangu. Kuja, nikupatie kwa nusu."

Mzee Baluku akavuta kile kiti changu, akaketi, akamgeukia.

"Mama, wewe huhitaji mnara?"