Kitabu cha Mama Vifungo

Mimi ni mpaka rangi. Nimepaka nyumba za watu miaka thelathini na mitano, na nikiingia sebuleni kwako kitu cha kwanza ninachotazama si kochi wala televisheni, ni pale ukuta unapokutana na dari. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Rangi lazima ifike konani. Ukiacha hata upana wa kidole, hujapaka, umepapasa. Nayasema haya mapema ili mkifika kwenye kosa langu mjue lilitoka wapi, msije mkanihukumu kama anavyonihukumu binti yangu, ambaye tangu azaliwe hajashika brashi.

Mke wangu ni fundi cherehani. Miaka ishirini na saba ameshona katika chumba kimoja chenye dirisha moja na vyerehani viwili, kimoja chake na kimoja cha mwenzake. Huyo mwenzake tunamwita Mama Vifungo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kazini bila vifungo viwili vitatu mdomoni. Anaongea navyo, anacheka navyo, na hajameza hata kimoja. Wamegombana wale wawili, wamenuniana, wamekopana sindano, na bado asubuhi walikuwa wanafungua mlango pamoja.

Mwaka huu binti wa Mama Vifungo alijifungua mapacha, akamwomba mama yake ahamie kwake. Ni mbali, safari ya siku mbili. Mke wangu alimpongeza mwenzake, akawashonea mapacha vinguo, halafu akarudi nyumbani akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua viatu. Nikajua limemfika.

Jioni ile alishusha boksi la viatu lililokuwa juu ya kabati. Humo ndimo walimoweka picha za wateja. Kila aliyekuja kuchukua nguo yake alisimamishwa ukutani akapigwa picha, na nyuma ya picha wakabana kwa pini kipande cha kitambaa chenyewe. Mpiga picha alikuwa Mama Vifungo siku zote. Kupigwa yeye hataki hata kusikia. Anasema sura yake ni ya nyumbani. Kwenye boksi zima ilipatikana picha moja tu aliyomo, ambayo mteja mmoja mtundu aliipiga kwa kumvizia. Mke wangu yuko katikati, na pembeni kabisa kulia ni Mama Vifungo, uso mdogo kama kifungo cha koti, anacheka na vitu vyake mdomoni.

"Miaka ishirini na saba," mke wangu akaniambia, "na mtu akilifungua boksi hili atadhani nilikuwa peke yangu."

Hapo ndipo alipoamua kutengeneza kitabu cha picha, Mama Vifungo aondoke nacho. Alianza na daftari kubwa na gundi. Kurasa zikavimba kama maandazi. Binti yetu akasema kwa simu kwamba siku hizi watu wanapanga vitabu hivyo kwenye kompyuta, wengine kwa kujiburudisha tu, halafu wanachapisha. Kompyuta yake ya zamani alikuwa ametuachia, nasi tulikuwa tunaiwekea redio juu yake.

Basi tukaanza kutafuta programu. Nasema tukaanza, maana nilijipa cheo cha mshauri mkuu bila kuombwa. Ya kwanza ilikuwa ya bure, lakini kila ukibofya kitu linatokea tangazo la dawa ya kitambi. Mke wangu alinitazama tumbo, akaifunga. Ya pili ilikuwa maridadi kwelikweli, ila kila pambo zuri lilikuwa na kufuli na kukutaka ulipie kila mwezi. Ya tatu ndiyo niliyoipenda mimi: ilikuwa na vitufe vingi kama chumba cha upasuaji. Nilimwambia hiyo ndiyo ya wataalamu. Akaniuliza ni kitufe gani kinageuza picha. Nikasema nina kiu, nikaenda kunywa maji.

Mwisho alinifukuza mezani, akachagua mwenyewe, kwa njia yake. Anaponunua cherehani hasikilizi maneno ya muuzaji. Anashona mshono mmoja, halafu anaufumua aone kitambaa kimebaki vipi. Programu nazo akazipima hivyohivyo. Kila moja aliiwekea picha moja, kipande cha kitambaa chini yake na neno juu yake, kisha akajaribu kurudi nyuma hatua kwa hatua. Nyingine ilirudi hatua moja ikagoma. Nyingine ilirudi ikala na picha. Ya nne, iliyokuwa na sura ya kawaida tu, ilirudi mpaka ukurasa ukabaki mweupe. "Hii inafumulika," akasema, na mjadala ukaisha.

Kujifunza kulimchukua wiki mbili, na nakiri alinishangaza. Binti alimweleza kwamba mambo yanapangwa kwa tabaka, moja juu ya nyingine, akidhani atamchanganya. Wapi! Mama akamjibu kwamba hiyo ni bitana, kitambaa na kifungo. Nini cha kushangaza? Mapambo ya programu yenyewe aliyakataa yote, mioyo na maua ya waridi. Alipiga picha vile vipande vya vitambaa kwa simu, akavitandaza kurasa nzima, na juu ya kila kipande akaweka mteja aliyevaa nguo ya kitambaa hichohicho. Kipanya alikishika kama mkasi, kwa dole gumba pembeni. Nilikuwa nikimsikia anacheka peke yake mle chumbani. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwona na furaha ya namna ile kwa kitu ambacho hakina mteja wa kukisubiri.

Ile picha moja yenye Mama Vifungo aliiweka ukurasa wa mwisho, upande wa kulia, nayo aliizungushia kitambaa cha kijani cha mapazia ya chumba chao.

Sasa sikilizeni uerevu wangu. Kila ukurasa aliacha ukingo. Picha zote zilikaa ndani, na kuzunguka pande zote ulibaki mkanda wa kitambaa wa karibu vidole viwili. Mimi kila nikipita nikiutazama mkanda ule roho inaniuma. Ni ukuta uliopakwa rangi isifike konani! Sikusema. Jumatano akaenda kumsaidia Mama Vifungo kufunga mizigo, akaniachia flashi niipeleke kwa mchapishaji. Nami nikaketi, nikazifungua kurasa moja baada ya moja, nikazivuta picha zote mpaka mwisho wa karatasi; kwenye ile ya mwisho kijani kikabaki juu na chini tu. Nikahifadhi, nikafunga, nikaondoka napiga mluzi.

Nisichokijua ni kwamba mchapishaji alikuwa ameshamweleza mke wangu, siku tulipokwenda kuulizia, kwamba kitabu kikishagundishwa kinakatwa pembeni kwa mashine ili kinyooke, na kila ukingo unapoteza sentimita moja na nusu. Mimi siku hiyo nilikuwa nje nabishana na mlinzi kuhusu rangi ya geti. Mke wangu hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Kwake hiyo ni nafasi ya mshono, ambayo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza huiacha.

Ijumaa asubuhi nikakichukua. Nilikifungua palepale kaunta. Wateja wengine walikuwa wamepoteza viwiko, mmoja kisigino. Nikaruka mpaka mwisho. Mke wangu yupo, anang'aa. Kulia kwake kumebaki sikio na kipande cha bega. Nikamwomba mchapishaji achapishe tena ukurasa ule mmoja. Akasema wino umeisha, mwingine unakuja Jumatatu. Na Mama Vifungo alikuwa anaondoka kesho yake alfajiri.

Majuto ni mjukuu, wazee walisema, na mimi siku ile nilikuwa na wajukuu ukoo mzima. Nilikwenda moja kwa moja kule chumbani kwao, ambako mke wangu alikuwa peke yake anafagia uzi, nikamweleza yote, sikuficha hata nukta. Akakifungua ukurasa wa mwisho. Nilisubiri maneno, na nilistahili.

"Vipande viko wapi?" akauliza.

Sikumwelewa. Akaniuliza kwa sauti ya kumfundisha mtoto: nimeona wapi nguo inakatwa halafu vipande vinaachwa kwa fundi? Kila mteja anadai vyake, hata vya kutosha kiraka tu.

Nilikimbia, na umri huu. Kwa mchapishaji nilipiga magoti, nikafukua kapu la takataka mpaka kwenye rundo la nyuzinyuzi za karatasi nikaona kijani cha mapazia. Mkanda ulikuwa mzima. Juu yake, mwembamba kama utepe, kulikuwa na uso wa Mama Vifungo, anacheka.

Mke wangu hakutumia gundi. Aliushonea ule mkanda kwenye ukurasa kwa cherehani, taratibu, akizungusha gurudumu kwa mkono, uzi wa kijani. Ukifungua ukurasa wa mwisho, Mama Vifungo anachomoza nje ya kitabu kama upindo ulioachwa wazi.

Alasiri Mama Vifungo alikuja kuacha ufunguo wake. Akapewa kitabu. Alikifungua amesimama, akigusa kila kitambaa, akikumbuka huyu alikataa kulegezewa kiuno, yule suruali yake ilirudi mara tatu. Akafika mwisho. Alitema vifungo mkononi, kitu ambacho sijawahi kukiona, akapitisha kidole juu ya mshono.

"Kumbe nilikuwepo," akasema.

Mke wangu alijibu kwamba alikuwepo, na kama hakuwepo, ni nani aliyekuwa anamwibia chaki? Wakacheka, kisha wakashikana wakalia, nami nikageukia dirisha nikakagua rangi ya fremu kwa makini sana. Nilipogeuka Mama Vifungo alikuwa ameona kwamba mshono umekwenda kombo pale mwanzo, akawa anauliza ni mwanafunzi gani ameushona. Halafu akafanya jambo lililotushinda miaka yote. Alikwenda akasimama ukutani, pale wanaposimama wateja, akamvuta mke wangu kando yake.

"Shemeji," akaniambia, "tupige."

Nikatoa simu, nikasogea karibu ili wajae vizuri pembe hadi pembe.

"Acha ukingo, baba," mke wangu akasema.

Nikarudi nyuma hatua mbili, ndipo nikapiga.