Mama wa Leso ya Kijani Mjini Kitale

Kwa miaka mingi wakwe zangu wamenisifu kwa adabu, kwa hiyo nakiri kosa hili mwenyewe kabla halijawafikia wote.

Jumamosi nilitoka Bungoma kwenda Kitale kutazama maduka ya zamani, yale yenye nguzo barazani, nikiyachora daftarini polepole. Kwenye duka la tatu nilimwona mama mwenye leso ya kijani akichungulia nyuma ya nguzo. Nilipomtazama, akajificha. Nikavuka barabara, huko nako nikamkuta, amejifunika hadi puani. Nikaandika: “Saa nne na robo. Mwizi wa simu, yaelekea ana wenzake.”

Kwa kuwa napenda ushahidi, nilizunguka kwa uchochoro, nikamshika leso mbele ya fundi wa viatu.

“Mama, mbona unanifuata?”

“Nikufuate?” akalia, ameelekea ukutani. “Kila nikikukimbia unakuja! Si wewe ni bwana ya Nekesa?”

Nekesa ni mke wangu. Huyu alikuwa mdogo wa mama yake, niliyemwona mara moja tu, siku ya harusi, tena kwa mbali. Kwetu Wabukusu, mkwe wa namna hiyo hutazamani naye uso kwa uso, sembuse kumgusa. Alikuwa akijificha kwa kuniheshimu.

Fundi aliweka nyundo chini. “Ati umeshika mama mkwe? Bana, hapo utatoa mbuzi.”

Watu wakaanza kusogea. Leso bado ilikuwa mkononi mwangu.