Wifi Aliyefua Nguo za Ghalani

Kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali. Kila Jumatatu na Alhamisi nilipita nyumba kwa nyumba na daftari la mradi wa kuondoa sumu ghalani, nikauliza nani anakohoa, nani macho yanamwasha, nani ametapika, mtoto gani amekataa kunyonya. Nilikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, si mbali na Igamba, mwanamke wa darasa la saba aliyefundishwa wiki chache kupima watoto uzito na kuhimiza watu wachimbe vyoo. Watu wa mradi waliponichagua walisema ni kwa sababu najua mlango wa kila mtu.

Ghala lilikuwa la ushirika, enzi ushirika ulipokuwa ukitugawia dawa za mibuni. Kisha wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, ushirika ukafa, makarani wakaondoka na kuacha kufuli mlangoni na mapipa ya dawa ndani. Yakakaa humo miaka na miaka. Bati likatoboka, mvua ikaingia, na kila msimu wa mvua harufu kali ilishuka mpaka kijitoni. Watu walipita kwenye tundu la ukutani wakachota unga wa kuwekea mahindi yasiliwe na dumuzi. Pipa tupu lilikuwa mali. Wapo waliopikia pombe ya kimpumu humo. Mimi mwenyewe niliwahi kuupaka ule unga kwenye kitanda kwa ajili ya kunguni. Hakuna aliyetuambia kitu.

Siku ile wageni wa mradi waliposhuka kwenye magari na kuvaa nguo nyeupe za kufunika mpaka kichwani, ndipo tulipoelewa tulikuwa tukiishi na nini.

Daktari wa mradi alikuwa kijana mpole kutoka Dar es Salaam. Alitandika ramani kwenye meza ya ofisi ya kijiji akachora mstari kuzunguka ghala. Waliokuwa ndani ya mstari, pamoja na vibarua wa ghalani, walitobolewa kidole kabla kazi haijaanza, ili damu yao ijulikane ilivyo. Wangepimwa tena kila baada ya muda, na ambaye damu yake ingeonyesha kuwa sumu imemwingia angeondolewa kazini. Upande mmoja mstari ulifuata kijito. Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo.

Alinifundisha dalili za kuangalia: mtu kutokwa jasho asubuhi ya baridi, mate kujaa mdomoni, tumbo kukata, mboni ya jicho kusinyaa ikawa kama kichwa cha sindano. "Ukiona hizi mbili tatu kwa pamoja, usisubiri," aliniambia. Niliziandika nyuma ya daftari na nikazikariri.

Wakati huo dada mkubwa wa mume wangu alikuwa amekuja kuishi kwetu baada ya ndoa yake kuvunjika. Wifi alikuwa mtu wa kazi na mtu wa maneno. Ugali wangu ulikuwa mlaini, watoto wangu hawakuwa na adabu, kuni zangu nilizipanga vibaya. Niliposikia msimamizi wa vibarua anatafuta mwanamke wa kufua ovaroli za pamba ambazo vibarua walivaa ndani ya zile nguo nyeupe, nilimtaja wifi mara moja. Niliwaambia watu kwamba nilitaka apate chochote mkononi. Ukweli ni kwamba nilitaka atoke jikoni kwangu.

Alifurahi. Nguo zililetwa kwa magunia, akazifulia uani kwenye beseni, mikono mitupu, huku akiimba za kwaya. Nilimuuliza msimamizi kama hawezi kumpa glavu. Akacheka. "Mama, hizo ni nguo za ndani tu. Sumu inabaki nje." Nilimwamini. Sijui kwa nini niliona rahisi kumwamini.

Wiki ya tatu, asubuhi moja ya mwezi wa saba, umande bado mzito, nilimkuta wifi amekaa chini kando ya beseni. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Alikuwa anatema mate, anafuta mdomo kwa kanga, anatema tena.

"Kichwa kinagonga," alisema. "Na wewe nakuona kama uko kwenye moshi."

Nilimwinua uso nikamtazama macho. Mboni hazikuwepo, zilikuwa nukta tu.

Mume wangu alimpakia kwenye baiskeli yake, wifi nyuma, mimi nikikimbia pembeni kumshikilia, mpaka kwenye hema la mradi. Daktari alimtazama na uso wake ukabadilika. Alijua. Nilimwona akijua. Kisha akafungua orodha yake.

"Huyu hayumo," akasema.

"Hayumo wapi?"

"Si kibarua wa ghalani, na si mkazi wa ndani ya mstari. Vipimo vilivyobaki vimehesabiwa kwa majina."

"Daktari, si wewe uliyeniambia nisisubiri?"

Alimvua wifi nguo zake zilizolowa, akaamuru aoshwe kwa sabuni mwili mzima, akamchoma sindano moja, akatupa gari la kutupeleka hospitali. Hilo silifichi. Lakini tone la damu hakulichukua, na kule hospitali, kwa kuwa hatukuwa na karatasi yoyote iliyosema ni nini, waliandika malaria.

Wifi hakufa. Alilala siku nyingi, akarudi mwembamba, na mikono yake ikawa inatetemeka hata kikombe cha chai akawa hawezi kukibeba bila kumwaga. Mradi haukuacha kufulisha nguo. Waliyapeleka magunia kwa mwanamke mwingine, mbali zaidi na kijito. Nilikwenda kumwonya. Alinisikiliza akiwa anasugua, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo kwa vile wifi yako kaachishwa, na mimi niache?" Nikarudi nyumbani.

Kwenye daftari, chini ya jina la mwisho, nilichora mstari kwa rula nikaandika jina la wifi na dalili zake zote, na chini yake nikaandika: mfuaji. Nilijivunia ule mstari. Nilidhani nimefanya jambo.

Ghala lilipobomolewa na udongo kupakiwa, tuliitwa mkutanoni. Viti vilipangwa, soda zikagawiwa. Daktari alisoma ripoti iliyopigwa chapa: wakazi wote waliofuatiliwa walikuwa salama. Nilisimama.

"Na yule niliyemwandika chini?"

"Dada, tulikuwa na orodha maalumu," alisema kwa upole uleule. "Waliokuwa nje ya orodha hawakuweza kuingizwa."

Mwenyekiti akaniomba nikae, wageni walikuwa na safari ndefu. Nikakaa. Baadaye wakaniita mbele wakanipa cheti cha kuwa mfuatiliaji bora, na watu wakapiga makofi, na mimi nikakipokea kwa mikono miwili.

Nyumbani kwa mume wangu mambo yalisemwa kwa namna nyingine. Wakwe zangu hawakuwa na ugomvi na mradi. Mradi ulikuwa umeshaondoka. Waliyekuwa naye mbele yao ni mimi. Walisema nilijua sumu ilivyo, nilifundishwa dalili zake, na bado nikampeleka dada yao akafue. Wengine waliongeza kuwa nilimchoka. Mume wangu alikaa katika vikao hivyo akitazama chini. Hata mimi nilijua sehemu gani ilikuwa uongo na sehemu gani haikuwa.

Wifi alichukuliwa na mwanawe akaishi Tunduma. Kwa miaka hakukanyaga kwetu. Siku moja nilikuwa nimekwenda mpakani kununua vitenge, nikapita kati ya malori yaliyopanga foleni mpaka kwa mwanawe. Wifi alinikaribisha barazani, si ndani. Nikamwambia kuwa mkutanoni nilisimama, nikauliza.

"Nilisikia," alisema. "Lakini ile kazi ni nani aliyenitafutia?"

"Ni mimi, wifi."

"Na ulinitafutia kwa sababu gani?"

Nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu yeyote. Mikono yake ilicheza juu ya magoti, akajaribu kuikalisha na ikakataa.

"Gari za kurudi Mlowo zitakuacha," alisema. "Nenda."

Nikabeba vitenge vyangu nikaenda stendi.